Asubuhi Ilikuwa Inasumbua Tangu Mwezi wa Pili

Kompyuta ya mama imewaka saa mbili hii usiku, baada ya siku nne za kimya. Nimekaa mbele yake, feni inavuma, naandika haya kwenye simu kwa sababu yenyewe ina kazi ambayo sitaki kuikatiza.

Ni ya mezani, ya mwaka 2004, ina prosesa ya Pentium 4 ndani, na ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Humo mama anatunza hesabu za kikoba chao: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani karejesha. Wanawake 28 wana jasho lao humo. Daftari la mwaka huu lililowa mvua ya masika, kurasa zikagandana, wino ukaenea. Kwa hiyo walioniambia "hiyo tupa, mnunulie laptop" walisema jambo jepesi kwao. Mama yeye hakuwa anataka mashine mpya, alikuwa anataka hesabu za watu.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo. Tangu mwezi wa pili alikuwa ananiambia, "Mwanangu, hiki kitu asubuhi kinanisumbua." Anabonyeza, feni inazunguka kidogo, inakata. Anabonyeza tena. Mara ya nne au ya tano inakubali, na ikishapata moto inapiga kazi mpaka jioni. Nikamjibu ni Windows imechoka. Nikaja Jumapili moja, nikapiga Windows upya (mafaili yake yako kwenye D, sehemu nyingine ya diski, nashukuru Mungu sikugusa huko), nikaondoka nimeridhika. Wakati mashine ilikuwa inakata kabla hata herufi ya kwanza haijatokea kwenye kioo! Windows iko kwenye diski ngumu, na diski hiyo ilikuwa bado haijafikiwa. Nilitibu ugonjwa ambao haukuwepo, na mama akaanza kudhani ni yeye asiyejua kubonyeza. Hilo nimemwomba radhi.

Safari hii nilianzia kwenye umeme. Soketi ni nzima, taa inawaka. Waya nikabadilisha na wa printa. Kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kile kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka, maana yake umeme unafika. Nikachomoa plagi kubwa ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ili iwake yenyewe, feni yake ikazunguka. Mita ikasoma njano volti 12.1, nyekundu 5, chungwa 3.3. Haikuwa pawa saplai. Nikatoa ramu zote mbili, vile vibao vya kumbukumbu, nikazisugua meno kwa raba ya penseli, nikajaribu moja moja. Kimya vilevile.

Ndipo nikawasha tochi na kuinama.

Pembeni ya prosesa kuna mstari wa kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama wima, vinavyonyoosha umeme. Kikopo kizima kina kichwa bapa kama kifuniko cha soda, kimechorwa msalaba juu. Mlango wa kutokea mvuke ni hapo kwenye msalaba. Vitano kati ya hivi vilikuwa vimetuna, na viwili vimepasuka kwenye msalaba na kutoa uchafu wa kahawia, mkavu, kama utomvu wa mwembe ulioganda. Nilipitisha kidole juu yake nikausikia mvimbo. Madabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifungwa kapasita zenye maji mabovu ndani. Maji hayo yanatengeneza gesi, kikopo kinavimba, na umeme unaofika kwenye prosesa haunyooki tena. Kapasita iliyochoka huwa inakuwa mbaya zaidi ikiwa ya baridi. Ndiyo maana asubuhi. Ndiyo maana ikipata moto inatulia. Mama alikuwa amenipa jibu zima katika sentensi moja, na mimi sikuisikiliza.

Nikaibeba madabodi hadi Ngamiani kwa mzee mmoja fundi redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Akaigeuza, akaitazama kwa lenzi muda mrefu. Akaniuliza kama nimeshagundua upande wa hasi, nikamwonyesha ule mstari ubavuni mwa kikopo. Akaridhika. Vya zamani vimeandikwa volti 6.3, na ujazo wa mikrofaradi 1500. Akachagua vya volti 10, mikrofaradi zilezile, vya kuvumilia joto la nyuzi 105. Akaniambia volti ikizidi si neno, ikipungua kitapasuka, na nisije nikaokota tu cha redio, kwa sababu kazi ya hapa ni nzito. Kazi ngumu ilikuwa kuvitoa. Mguu wa hasi umeshikana na shaba pana ndani ya ubao, shaba inakula joto lote, lehemu haitaki kuyeyuka. Alikuwa anaongeza lehemu mpya juu ya ile ya zamani, anasubiri, anakitikisa kikopo polepole bila kuvuta. Ukivuta kwa nguvu tundu linang'oka na ubao umekufa. Alitumia saa nzima na nusu kwa vikopo vitano, na sikumsikia akiharakisha hata mara moja.

Nyumbani ikapiga mlio mmoja mfupi, ishara kwamba imejikagua na iko sawa. Mama alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

Saa ilikuwa inasema Januari 2004, maana betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa ilikuwa imeshuka hadi volti 1.8 badala ya 3. Nimeweka mpya na kurekebisha tarehe. Akalifungua faili la kikoba, akateremka mpaka jina la mwisho, akahesabu kwa kidole kwenye kioo. Wote 28 wapo.

Sasa nanakili D yote kwenye flashi, na kesho nitanunua ya pili ikae kwa mweka hazina. Imefika asilimia 64. Hapa siondoki.