Albamu Ndogo ya Picha Huanza na Mgongo

Watu wengi wanaotengeneza albamu ndogo za picha kwa mikono yao huanza na kile kinachovutia macho: karatasi zenye maua, tepe, vifungo na herufi za kubandika. Jalada hukatwa na kupambwa, kurasa hutiwa ndani yake, na picha ndizo huja mwisho, zikitafutiwa nafasi pale palipobaki. Mimi hufanya kinyume chake. Kwa maoni yangu, albamu ya aina hii ni kazi ya unene kabla ya kuwa kazi ya urembo, na kipimo ambacho sikubali kamwe kukikisia ni upana wa mgongo, yaani ule ukanda mwembamba unaokaa kati ya jalada la mbele na la nyuma.

Sababu yake inaonekana kwa yeyote aliyewahi kushika albamu iliyojazwa kupita kiasi. Mgongo ni mwembamba, upande wa kufungulia umevimba, na jalada limeachama kama mdomo wa mamba. Kasoro hii si ya sura tu. Kila albamu inapofungwa kwa kulazimishwa, picha husuguana, pembe hujikunja, na mkazo wote huishia kwenye maungio ya kurasa, ambayo ndiyo hutangulia kuchanika. Upo pia upungufu wa upande wa pili ambao ni nadra kutajwa: mgongo ukiwa mpana kuliko yaliyomo, kurasa hulegea, na albamu ikisimamishwa kwenye rafu, kurasa hizo zote huinama upande mmoja.

Watengenezaji wa zamani walilizingatia jambo hili. Mwaka 1854 Mfaransa André-Adolphe-Eugène Disdéri alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya njia ya kupiga picha ndogo kadhaa kwenye bamba moja, na picha hizo, zikiwa zimebandikwa kwenye kadi za takribani sentimita 6 kwa 10, zikawa kitu cha kukusanywa na kupeana. Albamu zilizotengenezwa kwa ajili ya kadi hizo katika miaka ya 1860 zilikuwa na kurasa nene zenye madirisha, na kadi ilichomekwa ndani ya ukurasa wenyewe badala ya kubandikwa juu yake, hivyo unene wa picha ulikuwa umekwisha kuhesabiwa tangu kitabu kinafungwa na fundi. Mwandishi wa Marekani Mark Twain naye alipata hataza mwaka 1873 ya kitabu cha kubandikia chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, ambazo mtumiaji alihitaji kuzilowesha tu. Yeye alishughulikia adha ya gundi. Suala la unene aliwaachia wanunuzi.

Kazi yenyewe, basi, huanza mezani na picha zilizokwisha kuchapishwa. Nasisitiza neno kuchapishwa, kwa sababu picha iliyomo kwenye simu haina unene wala ukubwa, na mtu anayepanga albamu kwa kutazama skrini huishia na picha nyingi kuliko kurasa. Albamu ndogo haikusudiwi kuhifadhi kila kitu. Hubeba safari moja, arusi moja, au mwaka wa kwanza wa mtoto, na picha 24 zinatosha kabisa kusimulia habari ya namna hiyo. Nikiwa na picha tano za tukio moja, huchagua ile ambayo watu wake wanafanya jambo fulani, kisha huongeza moja ya mahali na moja ya kitu kidogo, kama vile viatu mlangoni au mikono inayokata keki. Zile nyingine ambazo watu wamejipanga mstari wakitazama kamera huwa napunguza bila huruma, isipokuwa moja, kwa kuwa vizazi vijavyo vitataka kujua nani alikuwepo.

Baada ya kuchagua, ndipo hesabu. Karatasi ngumu ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, ambayo ndiyo hufaa kwa kurasa, ina unene wa karibu milimita 0.3; picha iliyochapishwa kwenye karatasi ya kawaida ya picha ni karibu milimita 0.25, karatasi nyembamba ya mapambo ni karibu 0.2. Asiyeamini vipimo hivi, na ni vizuri kutoviamini kwa kuwa karatasi hutofautiana, apange karatasi kumi za aina moja, apime unene wa bunda hilo kwa rula, kisha agawanye kwa kumi.

Chukua mfano wa ukurasa ninaoupenda zaidi, ambao ni mfuko. Karatasi ngumu inakunjwa katikati hivi kwamba mkunjo unakuwa upande wa kufungulia. Chini inabandikwa, juu inaachwa wazi, na kadi yenye picha huingizwa humo kama barua ndani ya bahasha. Tabaka mbili za ukurasa ni milimita 0.6, karatasi ya mapambo pande zote mbili ni 0.4, picha mbili za nje ni 0.5, na kadi ya ndani pamoja na picha zake mbili ni 0.8. Jumla ni milimita 2.3. Kurasa sita za namna hiyo hubeba picha 24 na kufikia milimita 13.8, nami huongeza karibu milimita moja kwa kila ukurasa kwa ajili ya hewa, maandishi ya ziada na mapambo, kwa hiyo mgongo unakuwa na upana wa milimita 20. Anayekusudia kubandika vifungo, maua ya karatasi au lesi aongeze zaidi, au, kama ningeulizwa mimi, ayahamishie yote hayo kwenye jalada la nje, mahali ambapo hayatakandamiza sura ya mtu yeyote.

Upana wa mgongo peke yake hausaidii kitu ikiwa kurasa zote zimeunganishwa mahali pamoja. Lazima kila ukurasa upate nafasi yake kwenye mgongo, na njia iliyo safi kuliko zote ni ya bawaba za karatasi zilizofichika. Unachukua ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu wa sentimita 30 na kimo sawa na cha kurasa, unaukunja ili upate matuta sita, kila moja likiwa na kimo cha sentimita 2, na kati ya tuta na tuta unaacha nafasi bapa ya milimita 3. Nafasi hizo ni tano, hivyo huchukua milimita 15 za mgongo, na milimita 5 zilizobaki hugawanywa sawasawa pembeni. Matuta, kwa kuwa kila moja lina pande mbili, hutumia sentimita 24 za karatasi, sehemu bapa hutumia sentimita 2, na sentimita 4 zinazosalia huwa ni mikia miwili ya kubandika ndani ya majalada, mmoja kila upande. Ukurasa ule wa mfuko, ambao upande wa mgongo bado uko wazi, hutelezeshwa juu ya tuta na kubandikwa, na hakuna anayeona ulivyoungwa.

Hapo ndipo ukubwa wa ukurasa unapojiamua wenyewe. Tuta linakula sentimita 2 za ndani ya mfuko. Ukurasa ukiwa na upana wa sentimita 13, nafasi halisi ya kadi ni sentimita 11. Kadi ya sentimita 10.5 huingia bila kukwama, na picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 hukaa juu yake ikiacha ukingo mwembamba. Kimo cha sentimita 18 kinatosha. Picha za mlalo ndizo husumbua, kwa kuwa sentimita 15 haziingii kwenye ukurasa wa 13, na wengi huzibandika kwa kuzisimamisha ubavu, jambo ambalo humlazimu mtazamaji kugeuza kitabu kila mara kama anayesoma ramani. Mimi huzichapisha kwa ukubwa wa sentimita 12 kwa 8, mbili kwa ukurasa mmoja, moja juu ya nyingine. Uwiano wa picha haubadiliki na hakuna kinachokatwa.

Kwa majalada hutumia kadibodi ngumu ya kijivu yenye unene wa milimita 2, vipande viwili vya sentimita 13 kwa 18.6 na kipande cha mgongo cha sentimita 2 kwa 18.6, ili jalada lizidi kurasa kwa milimita 3 juu na chini. Kati ya mgongo na kila jalada huacha nafasi ya milimita 5. Nafasi hiyo ikibanwa, jalada halitafunguka hadi mwisho. Ikizidi sana, kitabu kitayumba. Mgongo na nafasi zake mbili huzifunika kwa ukanda wa kitambaa cha pamba, ambao unapanda kidogo juu ya majalada, kisha majalada yenyewe huyafunika kwa karatasi. Karatasi pekee juu ya mgongo hupasuka baada ya kukunjwa mara nyingi, na kwa vipimo hivi karatasi ya sentimita 30 isingefika hata hivyo, maana upana wote wa jalada lililo wazi ni sentimita 29 kabla ya kuongeza kingo za kukunjia ndani.

Jambo ambalo halionekani, na kwa hiyo hupuuzwa, ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi na kadibodi zinazotengenezwa kiwandani huwa na nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja. Ukijaribu kuipinda kadibodi taratibu kwa viganja, upande mmoja utakubali kwa urahisi na mwingine utapinga. Nyuzi zimelala sambamba na mstari wa ule mpindo rahisi. Nyuzi hizo zinapaswa kwenda kutoka juu kwenda chini, sambamba na mgongo, katika kila kipande: kadibodi, kurasa, matuta na karatasi ya kufunika. Karatasi ikilowa gundi hutanuka zaidi kwa upande unaokata nyuzi, na ikikauka husinyaa na kuvuta kadibodi pamoja nayo. Ndiyo sababu jalada lililofunikwa nje tu hupinda kuelekea nje, na ndiyo sababu ni lazima lifunikwe na ndani pia ili mvuto wa upande mmoja uzuiliwe na wa upande wa pili. Baada ya hapo lilazwe chini ya vitabu vizito usiku kucha, likiwa limetenganishwa na vitabu hivyo kwa karatasi isiyoshika gundi.

Kuhusu gundi, gundi nyeupe ya maji ndiyo ifaayo kwa kadibodi na kitambaa, ikipakwa nyembamba kwa brashi kuanzia katikati kwenda kingoni. Kwa karatasi juu ya karatasi, selotepu ya pande mbili ni bora kwa sababu haina maji ya kukunyanza ukurasa. Picha zenyewe hushikiliwa na pembe za karatasi, yaani vipande vidogo vinavyovishwa kwenye pembe za picha, si gundi, na picha ambayo hakuna nakala yake haistahili kukatwa wala kubandikwa. Itolewe nakala, na ile ya asili ihifadhiwe kwingine. Albamu zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunika juu, zilizopendwa sana katika miaka ya 1970, zimetufundisha hilo kwa gharama kubwa: gundi yake imegeuka rangi na kushikilia picha kiasi kwamba kuzibandua ni kuziharibu.

Karatasi nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Ile iliyotengenezwa kwa massa ya mbao ambayo hayajaondolewa lignini, yaani dutu ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, kama karatasi ya magazeti, hugeuka manjano na kuwa dhaifu, na asidi yake inaweza kuhamia kwenye picha iliyogusana nayo. Tafuta karatasi isiyo na asidi wala lignini. Mifuko ya plastiki iwe ya polipropilini au poliesta, kamwe isiwe ya plastiki ya vinili, yaani PVC. Upo hata utaratibu wa kimataifa wa kupima kama karatasi, gundi au wino fulani hudhuru picha, nao ni ISO 18916; bidhaa iliyofaulu kipimo hicho mara nyingi hutajwa hivyo kwenye kifungashio chake.

Maandishi huyaweka kwenye kadi ndogo nyuma ya picha au ndani ya mfuko, na si pembeni mwa picha, kwa kuwa sentensi iliyo mbele ya macho humwambia mtazamaji aone nini kabla hajaona mwenyewe. Kadi hiyo huandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino usiofifia: majina kamili, mahali, mwaka, na sentensi mbili au tatu za kile ambacho picha haiwezi kusema, kama vile nani alichelewa, au kwa nini bibi amekasirika. Mwandiko mbaya si kisingizio. Mwandiko wa mtu ni sehemu ya kumbukumbu sawa na sura yake.

Kifungio hutengenezwa mwisho kabisa, wakati picha zote zimeshaingia na unene wa kweli unajulikana. Sumaku ndogo za unene wa milimita moja hupendeza, lakini zinadai kuchimbiwa kwenye kadibodi kabla ya jalada kufunikwa, na ncha zake zihakikiwe kwamba zinavutana kabla gundi haijakauka. Sumaku zinazosukumana zikishafunikwa hazina dawa. Kwa sababu hiyo napendelea ukanda wa karatasi unaozunguka albamu yote na kuvuliwa kwa kuteleza. Huukata baada ya kuizungusha albamu iliyojaa kwa uzi na kuupima uzi huo kwenye rula, nikiongeza milimita 2 za kulegea na sentimita moja ya kubandikia, na endapo mwenye albamu ataongeza picha baadaye, ukanda mwingine hukatwa kwa dakika chache bila kugusa kitu kingine chochote.