Jaketi na glavu za theluji nilizozipata Malindi

Dada yangu ameolewa Lombardia, kaskazini mwa Italia. Hilo kwetu Malindi si jambo la ajabu. Waitaliano wako nasi tangu enzi za kituo cha kurushia roketi cha San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960, na nyumba nyingi zina mtu wao huko. Mwishoni mwa 2024 alinitumia tikiti ya wiki tatu za Februari. Shemeji akanipigia: "Njoo nikufundishe kuteleza na ubao kwenye theluji. Suruali nitakuazima, lakini jaketi na glavu tafuta huko huko. Huku bei yake itakuumiza."

Mimi ni fundi wa kushona matanga, na siku hizi zaidi kaiti, yaani tiara kubwa, za wale wanaocheza na upepo baharini upande wa Mambrui. Theluji nilikuwa sijawahi kuishika, ila kitambaa nakijua, na nilijua pa kuanzia ni mitumba. Mabelo ya nguo za baridi hufunguliwa hapa mjini kila mara, na wanunuzi wake ni vijana wa boda wanaoogopa upepo wa alfajiri. Humo ndani mna majaketi ya theluji halisi, yaliyovaliwa kwenye milima ya Ulaya, na wengi wanayapita kwa kuwa ni mazito mno kwa jua letu.

La kwanza nilikosea. Lilikuwa jekundu, zipu nzima, halina doa, nikalilipia shilingi 1,800. Nililiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda, na baada ya wiki tatu nilipolitoa, ndani lilikuwa linanata na kuambuka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua. Majaketi mengi ya bei ya kati huzuia maji kwa tabaka jembamba la poliyurethani lililopakwa upande wa ndani wa kitambaa. Tabaka hilo likikaa kwenye joto na unyevu huoza polepole, hata kama nguo haivaliwi. Joto na unyevu ndiyo hewa yetu ya kila siku. Lilikuwa limeshaanza kuoza kabla halijafika kwangu, nami kwa ule mfuko nikalimalizia. Fedha ile iliniuma.

Safari ya pili nilimweleza mama muuzaji ninachotaka. Akasema, "Kaa hapo mwanangu, nifungue belo uchague kamera mwenyewe," yaani zile nguo bora kabla wengine hawajazichagua. Sikutazama rangi. Kila jaketi nililigeuza ndani nje, nikanusa shingoni, kwa sababu tabaka linalooza huwa na harufu ya uchachu hata kabla halijaambuka. Nikakunja kitambaa na kukisugua kwa ukucha pale kwenye kola na mabegani, sehemu zinazochoka mapema kwa jasho na mikanda ya mabegi. Likitoa unga au likinata, naliweka kando.

Halafu nikaangalia mishono, na hapa kazi yangu ilinisaidia kuliko kitu kingine. Kitambaa kiwe kizuri namna gani, sindano ikipita inaacha tundu, na mshono mmoja wa bega una matundu mamia. Jaketi la kweli la kuzuia maji lina utepe uliobandikwa kwa joto juu ya kila mshono upande wa ndani. Mengine yamebandikwa mabegani na kwenye kofia tu. Hayo yanatosha kwa mtu wa kutembea mjini, lakini anayejifunza ubao huanguka kila upande. Nilipitisha kidole juu ya utepe wote, mshono kwa mshono, nikitafuta mahali ulipoinuka. Kama kitambaa cha bitana kimefunika kila kitu, vuta mkono wa jaketi utazame kwapani kwa kulielekeza kwenye mwanga. Utepe huonekana kama mstari mweusi zaidi.

Lebo ya ndani nayo nilijifunza kuisoma. Ikiandikwa milimita 10,000, maana yake kitambaa kilipimwa kikastahimili uzito wa maji yaliyosimama juu yake kwa kimo cha mita 10 kabla hayajapenya. Kwa sisi watu wa bahari hizo ni kama pima tano na nusu, na mtu yeyote aliyewahi kupiga mbizi anajua msukumo wa kina hicho. Mvua haina msukumo huo, lakini mtu mzima anapokalia theluji mbichi, iliyolowa maji, au kupiga goti, uzito wake wote unasukuma maji sehemu moja. Nambari ya pili ni ya mvuke: gramu ngapi za jasho zinaweza kutoka kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Usiidharau. Anayejifunza anatoka jasho kuliko mjuzi, na jasho likibaki ndani linapoa mwilini. Nilichagua la kijivu la 15,000 kwa 10,000, lenye zipu za kwapani za kupitishia hewa na sketi ya ndani ya kufunga kiunoni ili theluji isiingie mtu akianguka. Shilingi 2,300.

Kulijaribu nyumbani kulinipa shida. Nilipolivaa mpwa wangu akanimwagia maji kwa kata, nikavua nikiwa nimelowa, na kwa joto la Malindi sikuweza kujua kama ni maji au ni jasho langu. Ikabidi nilitungike kwenye mwarobaini uani, nikalijaza kurasa za Taifa Leo mpaka mikononi, nikafunga zipu zote. Mpwa akamwaga ndoo nne, taratibu, kwa dakika ishirini hivi. Magazeti ya kifuani na mabegani yalitoka makavu. Lililolowa ni moja tu, chini ya zipu ya mfuko wa kushoto, ambapo utepe ulikuwa umeinuka kama nusu kidole. Niliubandika kwa gundi ya kaiti.

Nje, lakini, maji yalikuwa yanatanda badala ya kuviringika kama juu ya jani la jimbi. Hiyo haimaanishi jaketi limekufa. Juu ya kitambaa huwekwa dawa ya kufukuza maji, na uchafu, mafuta ya mwili na mabaki ya sabuni huifunika. Nililiosha kwa sabuni kidogo isiyo na manukato, bila dawa ya kulainisha nguo, nikasuuza mara tatu kwa maji ya mfereji ya Baricho. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Lilipokauka nikalipiga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba, maana joto huiamsha ile dawa. Jioni hiyo matone yakaanza kuviringika.

Glavu ndizo zilizonichosha, na sasa naamini ndizo za kutangulizwa kuliko jaketi. Anayeteleza kwa ubao hukaa chini kila mara kufunga mikanda ya miguu, huegemea mikono kuinuka, na joto la viganja huyeyusha theluji palepale. Nilipata jozi ya ngozi ya mbuzi viganjani, yenye shingo ndefu inayopita juu ya mkono wa jaketi na kufungwa kwa kamba. Niliingiza mkono na karatasi ya tishu, nikauzamisha kwenye ndoo mpaka karibu na kifundo, nikakunja na kukunjua vidole kwa dakika tano. Kisha nikautoa haraka, mkono ukiwa na jasho, kuona kama bitana ya ndani itafuata vidole. Jozi mbili nilizirudisha kwa sababu hiyo: bitana ikishageuka, kuirudisha vidoleni ukiwa kwenye baridi ni mateso. Nilihakikisha pia hazinibani, kwa sababu kinachotunza joto ni hewa iliyokaa ndani. Ngozi nikaipaka nta ya nyuki niliyonunua Gede, nikaiweka juani ikanywa.

Shemeji alinipeleka Livigno, mita 1,816 juu ya usawa wa bahari, hapo hapo ambapo mwaka uliofuata palifanyika mashindano ya ubao ya Olimpiki. Asubuhi ya kwanza ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Theluji ya baridi hiyo ni kavu kama unga wa muhogo, unaikung'uta tu. Nilianguka siku nzima. "Kunja ngumi ukianguka, shemeji, usije ukavunja kifundo cha mkono," alinikumbusha kila nilipoinuka. Jioni fulana yangu ya ndani ilikuwa kavu, isipokuwa mgongoni kwa jasho, kwa vile nilisahau kufungua zipu za kwapani.

Siku ya tatu jua lilitoka, theluji ikawa mbichi, na kidole gumba cha kushoto kikaanza kulowa. Ulikuwa mshono ule ule ninaoushikia mkanda, uzi umelika. Dada alitaka kuianika glavu juu ya mabomba ya moto, nikamwomba asifanye hivyo. Ngozi hupasuka na gundi huachia. Tuliitungika kwenye kamba, mdomo ukiangalia chini, mbali na moto. Usiku nikaushona upya kwa uzi niliokuja nao, nikapitisha sindano kwenye matundu yale yale ya zamani ili nisiongeze mapya, nikafunika kwa gundi na nta.

Jaketi sasa limetundikwa chumba cha juu chenye dirisha la upande wa bahari, halimo ndani ya nailoni, na kila mwezi naligeuza ndani nje nikanusa kola. Glavu nimezipaka nta tena juzi. Kile kidole gumba nimekizamisha kwenye ndoo, na tishu ilitoka kavu.