Jinsi Bia Yangu Ilivyoacha Kuharibika

Ndoo mbili za kwanza za bia niliyopika nyumbani nilizimwaga, lita 40 kwa jumla. Ya kwanza iligeuka siki. Ya pili ilianza vizuri, lakini baada ya mwezi kwenye chupa ikawa kahawia, na ladha yake kama boksi lililolowa mvua.

Shangazi, ambaye alipika busaa miaka mingi kule Kakamega, alikuja kunitembelea mtaani Umoja, Nairobi, akanikuta nimefunua ndoo nachungulia povu. "Mwanangu, kila siku unafunua, unatafuta nini humo?" Busaa hunywewa ndani ya siku chache, na uchachu ndio utamu wake. Bia yangu ilipaswa kukaa wiki nyingi, na kila nilipofunua niliingiza hewa na vijidudu kwa pamoja. Bakteria wa siki wakipata hewa, kileo chote wanakigeuza siki.

Jioni hiyo nilifungua bomba la ndoo, kipande kwa kipande. Nyuma ya mpira wa kuzuia kuvuja kulikuwa na utando wa kahawia, unateleza kidoleni. Kumbe muda wote nilikuwa namwagia dawa ya kuua vijidudu juu ya uchafu! Dawa haipenyi utando. Sasa nasugua kwanza kwa maji ya moto na sabuni, nasuuza, ndipo natia dawa. Ndoo yenyewe nilikuwa nimeikwaruza ndani kwa waya wa kusugulia sufuria. Vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo, basi ikawa ya kufulia. Mpya naiosha kwa sponji laini tu.

Hewa ilinichanganya zaidi, kwa sababu hamira inaihitaji mwanzoni ili iongezeke. Kwa hiyo maji ya kimea yakishapoa nayatikisa kwa nguvu, natia hamira, nafunika. Yakianza kufukuta sifunui tena. Sampuli nachota bombani, na haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, najua imemaliza kuchacha, najaza chupa kwa mpira unaofika hadi chini, bia ipande polepole bila kurukaruka na kuingiza hewa, maana hewa ndiyo iliyoipa ile ya pili ladha ya boksi.

Julai nayo ilinifunza. Baridi ya usiku ilisinyaza gesi ndani ya ndoo, ikavuta maji ya kizibo cha hewa, kile kifuniko chenye maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, yakadondokea kwenye bia. Tangu hapo kizibo nakijaza vodka, na ndoo naifunga blanketi.

Krismasi nilimfungulia shangazi chupa ya Agosti. Alinusa kwanza, akanywa taratibu, kisha akasogeza glasi aongezewe.