Texas na kodi isiyoonekana kwenye mshahara

"Hamia Texas, huku hakuna kodi." Maneno haya nimeyasikia kwenye harusi, kwenye misiba na kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania tulioko Marekani, nami niliyaamini kiasi cha kufungasha nyumba nzima kutoka Massachusetts na kuhamia Arlington, mji ulio katikati ya Dallas na Fort Worth. Wiki iliyopita binamu yangu, ambaye bado yuko Massachusetts na anafanya kazi ya kuhudumia wazee, alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli maisha ya huku ni nafuu. Sikuweza kumjibu kwa neno moja, na kwa kuwa swali lake wanalo wengi, nimeona niliandikie kwa kirefu.

Kila mwaka serikali kuu ya Marekani hutoa kipimo kinacholinganisha kiwango cha bei cha kila jimbo na wastani wa taifa, wastani huo ukiwa 100. California hukaa kwenye 112 hivi, Arkansas na Mississippi hukaa kwenye 87 hivi, na Massachusetts iko juu ya wastani pamoja na majimbo mengine ya kaskazini mashariki. Texas, ambayo sifa zake zingekufanya udhani iko jirani na Mississippi, huwa kwenye 97 hivi. Maana yake ni kwamba kitu ambacho kwa wastani wa taifa kinanunuliwa kwa dola 100, huku kinanunuliwa kwa dola 97. Tena hata hizo dola tatu si zetu sote, kwa sababu kinachoshusha wastani wa jimbo ni miji ya mpakani kama McAllen na Brownsville pamoja na vijiji vya ndani, ilhali eneo la Dallas na Fort Worth, ambako Waafrika Mashariki wengi tumejazana, limeshavuka 100.

Tofauti kubwa kati ya jimbo na jimbo hutokana na makazi. Mchele, sabuni na viatu haviachani sana kwa bei popote uendapo nchini. Kinachoachana ni nyumba, na hapo Texas inastahili sifa yake. Pesa niliyokuwa nikilipia vyumba viwili ghorofani kule Massachusetts, huku inanipatia nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja wa watoto kuchezea, na bado inabaki chenji. Lakini kipimo hicho hupima bei tu. Hakisemi utalazimika kununua kiasi gani, wala utalipwa mshahara gani, wala ni kodi ipi utakatwa, na mambo hayo matatu ndiyo yaliyonifundisha huku.

Nianze na umeme, maana ndio ulionitoa machozi. Bei ya uniti moja Texas kwa kawaida iko chini ya wastani wa taifa, ila nyumba ya kawaida hutumia uniti 1,100 hivi kwa mwezi, wakati wastani wa taifa haufiki 900, kwa sababu kuanzia Mei hadi Septemba kiyoyozi hakizimwi. Kwa hiyo bili huwa kubwa kuliko ya majimbo mengi yenye uniti ya bei ya juu. Juu ya hilo, tangu mwaka 2002 wakazi wa sehemu kubwa ya jimbo hujichagulia wenyewe kampuni ya kuwauzia umeme, na mipango iko mingi kiasi cha kumchanganya hata msomi. Mpango niliouchagua ulinipa punguzo la dola 125 kila mwezi ambao matumizi yangefika uniti 1,000. Septemba tulitumia uniti kama 1,300, tukalipa dola 96. Oktoba hali ya hewa ilipopoa tulizima kiyoyozi, tukafungua madirisha, watoto wakafurahia upepo, na bili ikaja ya uniti 962, dola 163. Niliishika ile karatasi mezani nikaisoma mara tatu. Mtu aliyekulia kwenye LUKU, ambako unanunua uniti zako kwanza na kila uniti usiyoitumia ni pesa iliyobaki mfukoni, hawezi kufikiria kwamba kupunguza matumizi kunaweza kumwongezea bili. Masharti yalikuwa yameandikwa, kwa herufi ndogo, na mimi sikuyasoma. Hata hivyo naamini kabisa kwamba si haki kumuuzia umeme kwa namna hiyo mtu anayerudi nyumbani saa tano usiku kutoka zamu ya pili.

Sasa nije kwenye kodi. Ni kweli kwamba jimbo halikati kodi ya mapato, na mwaka 2019 wapiga kura walipitisha kifungu cha katiba kinachoizuia. Makato ya serikali kuu yako palepale. Massachusetts hukata asilimia 5, kwa hiyo mwenye mshahara wa dola 60,000 kwa mwaka huokoa kitu kisichofika dola 3,000 akihamia huku. Lakini shule, zimamoto na hospitali ya kaunti lazima zilipiwe, na Texas huzilipia hasa kwa kodi ya majengo na kodi ya mauzo. Kodi ya majengo ya hapa kwetu, ukijumlisha ya mji, kaunti, wilaya ya shule na hospitali, ni kama asilimia 2 ya thamani ya nyumba, wakati wastani wa taifa ni karibu asilimia 1.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili: mpangaji hulipa kodi kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulipa kodi kwa serikali. Hapa Texas kodi hizo mbili zimeingiana kabisa. Nyumba ninayopanga ina thamani ya dola 300,000, hivyo mwenyewe hulipa kama dola 6,000 kwa mwaka, sawa na dola 500 kwa mwezi, na mimi nampa dola 2,100. Karibu robo ya kodi yangu ni kodi yake. Novemba 2025 wapiga kura waliongeza msamaha wa kodi ya shule kwa anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, kutoka dola 100,000 za thamani hadi 140,000. Nyumba ya kupangisha haipati msamaha huo hata senti moja. Dukani nako kuna asilimia 8.25, ingawa chakula cha kupika nyumbani na dawa havitozwi, na tangu Septemba 2023 nepi za watoto zimeondolewa pia, jambo ambalo wazazi tulilipokea kwa shukrani.

Upande wa mshahara, kima cha chini huku ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali kuu ambacho hakijapanda tangu mwaka 2009, na sheria ya jimbo haiiruhusu miji kuwapangia waajiri binafsi kiwango cha juu zaidi. Massachusetts ni dola 15. Waajiri wengi hulipa zaidi ya 7.25, ila kiwango hicho cha chini huvuta vingine vyote. Binamu yangu anapata dola 21 kwa saa; kazi kama hiyo niliyomtafutia huku ilikuwa ya dola 16. Kwa saa 40 za wiki anapoteza dola 200, na kwa mwezi ni zaidi ya 800, ambazo zinatosha kuimeza nafuu yote ya nyumba.

Kisha kuna gari. Arlington ina watu karibu 400,000 na haina mtandao wa mabasi ya kawaida, kwa hiyo mume na mke wanaofanya kazi wanahitaji magari mawili. Petroli ni nafuu kuliko wastani wa taifa, lakini mvua ya mawe ya hapa hupasua vioo na kubonyeza mabati, na bima hupanda ipasavyo.

Ila kilichomsimamisha binamu yangu ni matibabu. Texas ndilo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya afya nchini, takriban mtu mmoja kati ya sita, na halikukubali kuipanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, hivyo mtu mzima wa chini ya miaka 65 asiye na mtoto, mimba wala ulemavu haipati hata akiwa hana kipato chochote. Huko aliko, karibu kila mtu ana bima. Mumewe ana kisukari, na dawa zake anazichukua kila mwezi bila kufikiria bei.

Tulikaa kwenye simu karibu saa mbili tukijumlisha na kutoa. Mwisho akasema hatoki mpaka mumewe apate huku kazi yenye bima iliyoandikwa kwenye barua ya ajira, na mimi nikamwahidi kwamba siku barua hiyo ikifika nitaanza kumtafutia nyumba mtaa huu huu.