Ziwa Ngozi lilinikatalia mara ya kwanza, ya pili nikapiga hodi

Mi naishi Uyole, hapa Mbeya, na kila siku kosta za Tukuyu zinanipita mlangoni, lakini Ziwa Ngozi, lile la juu mlimani, nilikuwa naliona kwenye simu za watu tu. Mwezi wa tatu mwaka jana nikasema liwalo na liwe, nikatoka nyumbani saa nne asubuhi na raba zangu nyeupe (usinicheke), nikashukia Isongole, boda akanisogeza hadi mashamba ya viazi yanapoishia na hapo nikaanza kupanda na mzee mmoja anayeongoza wageni.

Jamani ile njia! Masika yamekolea, udongo unateleza kama sabuni, nilianguka mara nne nikaacha kuhesabu. Kufika juu ukingoni, ukungu mweupe peee, ziwa halipo. Nikapiga picha moja ambayo hadi leo ninayo, ukiiona utadhani nimepiga shuka. Kwa hasira nikaanza kupiga kelele nisikie mwangwi, mzee akanigusa bega, "mwanangu, huku hatupigi kelele".

Nyumbani nikamsimulia shangazi nikidhani atanipa pole. Akasema, "Sasa we unaenda kwa watu saa sita mchana, hata hodi hupigi?" Yeye amekulia Tukuyu, kwake ile ni sehemu ya wazee, ya matambiko. Ndo akanipa ile hadithi kwamba zamani ziwa lilikuwa sehemu inayoitwa Masoko, watu wakalichoka, wakalitupia mawe ya moto, likahama likaja kujificha mlimani.

Basi mwezi wa nane nikarudi, kiangazi, baridi ya kung'ata. Saa kumi na mbili kamili nishakaa kwenye kosta nimevaa gambuti za shangazi, zinanipwaya hivyo nikatia soksi mbili, na fimbo mkononi. Mzee yuleyule. Safari hii nikauona msitu wenyewe maana sikuwa bize na kuanguka: ndizi pori zenye majani makubwa kuliko mlango, mianzi, kangaga kila bonde, vimaua vya pinki chini kwenye unyevu, kama kuna mtu anapalilia. Mbega walipita juu, tukasimama mpaka wakaisha.

Ukingoni tulifika saa tatu kasoro na lilikuwepo! Kijani cha kuiva, limetulia mbali kule chini kwenye shimo la volkano, kuta zimefunikwa msitu mpaka majini, na kweli lina umbo la ramani ya Afrika kama wanavyosema. Hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka ila limejaa, na chini yake mlima bado una moto, ndo maana wataalamu wa jotoardhi wanauchunguza kwa ajili ya umeme. Kuna njia ya kushuka hadi kwenye maji, ila nikaiangalia ile korongo nikayaangalia na magoti yangu, nikakaa.

Nikasema hodi, kwa sauti ndogo, mzee akajifanya hajasikia. Tulikaa karibu saa nzima bila neno, nasikia ndege tu na pumzi yangu. Halafu ukungu ukaanza kupanda kutoka upande wa pili, pole pole, ukafunika kusini kwanza, mzee akachukua fimbo yake akasema "haya, tumeagwa".