Stevens na chupa iliyomponyoka

Kila nikimtazama Stevens, yule mtumishi mkuu anayeigizwa na Anthony Hopkins katika filamu ya The Remains of the Day (1993), usoni siambulii kitu. Baba yake anakata roho ghorofani, naye yuko chini anahudumia wageni wa bwana wake. Miss Kenton, msimamizi wa nyumba ambaye Stevens anampenda bila kusema, anaomba ruhusa ya kumfumba marehemu macho. Stevens anamshukuru, anarudi kazini. Tuliokuzwa kwa "jikaze" na "mwanaume halii" hatuhitaji kutambulishwa kwake.

Baadaye Miss Kenton anamwambia kwamba anaolewa. Anampongeza kwa adabu zote, kisha huko kwenye ghala la mvinyo chupa inamponyoka na kupasuka. Anatoa laana moja, basi.

Mwaka huohuo wa 1993, wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walichapisha jaribio ambalo watu walioneshwa filamu ya kuchukiza, baadhi wakatakiwa kuficha wanachohisi. Nyuso zilitulia. Kinyaa chenyewe hakikupungua, na ngozi zao zilipopimwa zilionesha msisimko mkubwa kuliko za waliotazama bila kujizuia.

Sikubaliani na wanaosema Stevens angelia tu palepale mbele ya wageni. Zipo kazi zinazodai uso mkavu: muulize nesi wa zamu ya usiku. Tatizo la Stevens ni kwamba hana saa wala mahali pa kuuvua, hata akiwa peke yake.

Kwa mtu kama yeye (na sisi wengine), kalamu ni rahisi kuliko mdomo. Utaratibu wa kuandika wa watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, wa 1986, ulikuwa dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililokuumiza. Wengi huuharibu kwa kuandika ripoti: nani alifika, saa ngapi, nani alilipia jeneza. Katika jaribio la Pennebaker na Beall walionufaika zaidi, kwa maana ya kwenda zahanati mara chache miezi iliyofuata, ni walioandika tukio pamoja na walivyolihisi. Ila ukiweka kalamu chini utajisikia vibaya zaidi kwa muda, kwa hiyo usiandike dakika chache kabla ya kulala au kuingia zamu. Na ukiona karatasi imejaa "nimechoka", jiulize kama huo uchovu si wivu, aibu au ukiwa.

Kwa walio upande wa Miss Kenton: msimbane. Anapomng'ang'ania Stevens akitaka kuona kitabu anachosoma, akimbandua kidole kimoja kimoja, mwanaume anaganda, kisha anamwomba amwache. Mtu wa aina hii huongea vizuri akiwa na kitu mkononi na bila kukaziwa macho. Muulize swali moja mkiwa mnamenya viazi au mnaosha gari, halafu nyamaza, hata kimya kikirefuka. Akijibu kwa habari za kazi, mwache aendelee.