Mfuko mmoja, watu zaidi ya elfu

Wiki hii usiku nimekuwa nikisoma habari za The Farm, kijiji cha mahipi (vijana wa miaka ya 1960 na 1970 waliohubiri amani na kuyakataa maisha ya kawaida) kule Tennessee, Marekani, na hazinitoki akilini. Ukitaja mahipi, wengi huwaza bangi. Bangi ilikuwapo, hata kiongozi wao, Stephen Gaskin, alifungwa mwaka 1974 kwa sababu yake. Mimi kilichonishika ni kazi waliyoifanya.

Walitoka San Francisco mwaka 1970 kwa msafara wa mabasi makuukuu ya shule, na mwaka 1971 wakanunua ardhi karibu na Summertown, dola 70 kwa ekari. Vijana wa mjini hao, jembe hawalijui. Wakaishi ndani ya mabasi yale yale na katika mahema ya jeshi. Baadaye nyumba moja ikabeba hata watu arobaini. Nyama, mayai na maziwa ya ng'ombe hawakugusa. Soya ndiyo iliyowalisha: hulowekwa, husagwa, huchemshwa, huchujwa, maziwa yakapatikana ya watoto wote. Kila aliyeingia alitia alichonacho kwenye mfuko wa wote, na hata ujira wa kibarua cha nje uliingia humo humo.

Nimewapenda zaidi wakunga. Safarini wanawake walianza kujifungulia ndani ya mabasi, na Ina May Gaskin, mke wa Stephen, akashika kazi hiyo bila kuisomea. Daktari mmoja wa maeneo ya pale akakubali kuwafundisha. Wakaiva hasa, mpaka majirani zao Waamish, Wakristo wanaoishi kizamani, wakawa wanawaita. Nalithamini hili kuliko hotuba zote za amani za zama zile.

Kisha madeni yakawazidi, ya hospitali yakiwamo. Mwaka 1983 mfuko wa pamoja ukavunjwa: kila mtu mzima ajitafutie riziki na alipe ada ya kijiji. Mamia wakaondoka. Naumia nikiwafikiria wenye watoto wengi, waliotia humo ujana wao wote, wakatoka kwenda kupanga chumba mjini bila akiba yoyote. Wanaosema walishindwa siwaungi mkono. Watu zaidi ya elfu walikula chungu kimoja miaka kumi na zaidi, na walipokwama hawakuigawa ardhi vipandevipande. Waliobaki bado wanaimiliki kwa pamoja.